Samaki Aliyeoshwa Mara Tatu

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mtu akinicheka kwamba nilitumia ujana wangu kuchungulia wadudu wa samaki, namwangalia hivi, namuuliza kama amewahi kuona bwawa zima la perege limejaa midomo wazi juu ya maji asubuhi, kila samaki anatafuta pumzi.  Lakini leo sisimulii ili kumkomoa mtu. Nasimulia kosa langu mwenyewe, lililobakiza siku mbili tu limpokonye mama mmoja wa kijiji cha Kaengesa bwawa lake, na mpaka leo nikilikumbuka najishika kichwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua mahindi ya Ufipa kilikuwa kimelala chali, ruzuku ya mbolea imeondolewa, na wafanyabiashara walikuwa wakiingia na malori mpaka mashambani. Wanataja bei, ukikataa wanawasha gari. Sumbawanga mjini mitumba ilikuwa imeshamiri, hadi unakutana na babu kavaa koti zito lenye nembo ya timu ya mpira ya nchi asiyoijua, na amependeza kweli, maana baridi yetu haichagui nembo. Ofisini kwetu mazungumzo yalikuwa mamoja tu: kupunguzwa kazi. Watu waliita ridandansi, tena kwa sauti ya chini. Kila mtu alijua orodha inaandikwa mahali fulani, na hakuna aliyejua na nani.

Mimi nilikuwa bibi samaki, yaani afisa wa uvuvi, wa mabwawa ya huku juu. Wenzangu walioshuka Wampembe kwenye Ziwa Tanganyika, au bondeni Ziwa Rukwa, walijiona ndio wanaoshughulika na samaki wa kweli. "Wewe baki na viluwiluwi vyako," walikuwa wakinitania, na mimi nilikuwa nawajibu vibaya, kwa sababu utani wao ulikuwa unaniuma. Nilikuwa na baiskeli ya Kichina, kitabu cha chuoni kilichotoka jalada, na hadubini moja kuukuu yenye kioo cha kukamatia mwanga wa jua. Ukungu wa Ufipa ukishaondoka, kama saa nne hivi, nilikuwa naiweka dirishani na kuanza kazi.

Kuainisha vimelea ni kazi ya kuuliza maswali kwa mpangilio. Ana umbo gani? Ana nini ndani yake? Anakaa wapi, kwenye ngozi au kwenye matamvua ndani ya mashavu? Halafu swali ambalo halitakiwi kurukwa: ana ukubwa gani? Sasa, hadubini yetu iliwahi kuwa na lenzi ya kupimia, yenye vistari vidogo kama rula. Ilipotea kabla sijaajiriwa. Mwanzoni nililalamika, nikaandika barua, nikaandika nyingine. Baadaye nikazoea. Nikajiambia jicho langu linatosha, na aliyeuliza habari za vipimo nilimjibu kwamba mimi mdudu namjua kwa sura.

Mama wa Kaengesa alikuwa mjane, umri wa mama yangu mzazi. Ushirika ulipokufa aliona mahindi na ulezi havimfikishi popote, akashika jembe, akachimba bwawa yeye na wanawake wenzake wa jumuiya, kando ya misonobari ya misheni, pale ambapo mfereji unapita mwaka mzima. Perege walilikubali bwawa lile. Walizaa, wakazaa tena, mpaka wanawake wa vijiji vya jirani wakawa wanakuja na ndoo kuchukua vifaranga na kuanzisha mabwawa yao. Yeye mwenyewe alikula kwa bwawa hilo, alivaa kwa bwawa hilo, na mjukuu wake wa kike alikuwa shule kwa bwawa hilo. Hakuwa na kitu kingine, na mimi nilijua.

Mwezi wa tisa, kiangazi kimekaza, akanitumia ujumbe kwamba samaki wake wanaumwa. Nikapanda baiskeli. Nilipofika alinipokea kwa heshima ya Kifipa, akainama kidogo na kupiga makofi taratibu, mimi niliyekuwa wa kumwamkia shikamoo bado napumua juujuu kwa kupanda vilima.

"Mama, nahitaji watatu wanaoumwa," nikamwambia. "Nitaenda nao mjini nikawachunguze."

"Pumzika kwanza, mwanangu. Nitakuchagulia mwenyewe."

Nikapita kwenye tuta, nikawaona samaki wanahema juu ya maji, kisha nikakaa, nikanywa togwa, nikala na kande. Wakati wa kuondoka akanikabidhi kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani kulikuwa na perege watatu, wanang'aa. Nilimshukuru, nikafunga kifurushi kwenye keria ya baiskeli, nikaondoka. Wala sikujiuliza samaki mgonjwa anang'aaje namna ile.

Kesho yake, jua lilipokaa sawa, nikakata kipande cha matamvua, nikakibana kwenye kioo, nikachungulia. Yesu na Maria! Vilikuwa vimejaa. Vitu vya umbo la yai, vya njano hafifu, na kila kimoja kina vifuko viwili vya mviringo, kama macho mawili yananitazama. Nikafungua kitabu. Mchoro ulikuwepo: umbo la yai, vifuko viwili. Kimelea kibaya, kinatengeneza mbegu kwenye matamvua, na maelezo yalisema wazi kwamba hakina dawa. Bwawa likaushwe, samaki wazikwe, chokaa imwagwe.

Niseme ukweli, sikumhurumia mama kwanza. Kwanza nilivimba kichwa. Kitu hicho hakijawahi kuandikwa mkoani kwetu na mimi ndiye niliyekiona, mimi wa viluwiluwi. Nikakichora kwa penseli, nikarudia mchoro mara nne mpaka ukapendeza. Nikaandika taarifa. Mkuu wangu wa idara, mtu mwema ila mwenye kuogopa sana wakubwa, aliisoma mbele yangu na uso ukamkunjuka.

"Unaona sasa?" akasema. "Hii ndiyo itakayowaonyesha huko juu kwamba idara hii ina kazi. Wakitaka kupunguza, waanze na kwingine."

Mchoro wangu ukatumwa juu. Sifa zikarudi. Na amri nayo ikaandikwa, ina muhuri: bwawa la mama wa Kaengesa likaushwe Jumamosi, serikali ya kijiji isimamie. Nilijisikia vibaya, siwezi kusema sikujisikia. Lakini nilijituliza kwamba sayansi ni sayansi.

Alhamisi ya wiki ile mkuu akanituma Kaengesa. Alitaka mchoro mwingine, mkubwa zaidi, wa kutundika ukutani. Kioo cha hadubini yetu kilikuwa kimepata ufa, kwa hiyo nikaomba kutumia hadubini ya zahanati ya misheni. Mpimaji wa pale alikuwa kijana wa rika langu, mcheshi, kazi yake kusoma malaria kutwa nzima. Alikuwa na zamu ya kupumzika, akaniachia kiti chake karibu na dirisha. Nilikuwa nimebeba vipande vya samaki wale wale kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia. Nikaweka kioo, nikawapata wadudu wangu wa macho mawili, nikamwita aje aone jambo la maana.

Akainama.  Akageuza kile kitufe cha kukazia mwanga, akaangalia tena, kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Unacheka nini?" nikamuuliza, damu imeshaanza kuchemka.

"Dada, samahani. Huyu mdudu wako kitabu kinasema ana ukubwa gani?"

"Kama chembe ya damu ya samaki. Au pungufu."

"Haya. Chembe za damu ya samaki hizi hapa pembeni, umeziona? Zimejaa. Sasa linganisha."

Nikachungulia. Zilikuwepo kweli, chembe ndogo ndogo za damu, zimetapakaa kioo kizima. Zilikuwepo kila siku. Na pembeni yake yule mdudu wangu alikuwa ametanda kama ng'ombe kati ya kuku. Ungeweza kupanga chembe tano kwenye mwili wake na nafasi ikabaki. Rula nilikuwa nayo muda wote, nimeibana mwenyewe kwenye kioo, na sikuitazama.

"Kama si huyo, ni nani basi?" nikasema.

Yule kijana alisogea dirishani. Alipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, kikatoka na vumbi la njano. Akalipangusia kwenye kioo kingine, akatia tone la maji, akaniwekea. Nikaangalia. Umbo la yai, vifuko viwili. Macho mawili yananitazama.

"Misonobari," akasema. "Kila mwaka wakati huu inatuchafulia slaidi zote. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani nimegundua ugonjwa mpya. Sista alinicheka wiki nzima."

Chavua! Mbegu za kiume za miti ya mapadri! Nilitamani sakafu ipasuke. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia misonobari, nikamkasirikia aliyepoteza ile lenzi, na mwisho hasira ikarudi kwa mwenyewe ikakaa. Ilikuwa Alhamisi. Bwawa linakauka Jumamosi.

Lakini samaki walikuwa wanaumwa kweli, hilo nililiona kwa macho yangu. Nikatoka mbio mpaka kwa mama. Nilimkuta anatwanga, amevaa kama mtu aliyekwisha kubali msiba. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilinichoma zaidi.

"Mama, shikamoo. Naomba unieleze. Wale samaki watatu, ulipowatoa majini uliwafanya nini?"

"Marahaba. Niliwafanya nini? Niliwaosha."

"Uliwaosha vipi?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama anajua kupika ugali. "Niliwasugua kwa majivu wale, utelezi ukatoka wote. Nikawaosha maji matatu. Nikafungua na mashavu, nikasuuza ndani. Mwanangu, umetoka mjini kwa baiskeli, wewe ni mgeni wangu na ni mtu wa serikali. Ningekupa samaki mwenye utelezi mimi? Watu wangenionaje?"

Beseni la kuoshea lilikuwa pale pale, chini ya msonobari. Maji yake yalikuwa na utando wa njano pembeni. Nikakaa chini, kwenye majani. Kila kitu nilichokuwa nakitafuta, kimelea hai anayekaa kwenye ute wa samaki, mama alikisugua kwa majivu kwa kunipenda. Na mahali pake akanisuuzia chavua. Na mimi, msomi, nilipokea samaki anayeng'aa nikashukuru.

"Nipe ndoo," nikamwambia. "Nipe samaki mgonjwa, mzima, ndani ya maji yake. Usimguse."

"Hivyo hivyo? Na utelezi?"

"Na utelezi mama, tafadhali."

Nilikimbia na ndoo ile mpaka zahanati, maji yananimwagikia miguuni, jua linaanza kuegemea. Yule mpimaji alikuwa amerudi kazini, akamwomba mgonjwa mmoja amvumilie kidogo. Nikamkwangua samaki ubavuni kwa ukingo wa kioo, nikaweka ute ule kabla haujakauka. Safari hii nilianza na chembe za damu. Nikazitafuta, nikazizoea. Halafu nikawaona.

Walikuwa wanazunguka. Viduara kama visahani, nywele nyembamba zinapepea pembeni, na katikati pete ya meno imepangika kama gia ya baiskeli. Kila kimoja kilikuwa kama chembe nne za damu hivi, na hapo ndipo kitabu kilipowaweka. Wanakaa kwenye ngozi na matamvua, wanamnyong'onyesha samaki aliyebanana na wenzake kwenye maji ya baridi na machafu. Samaki akishakufa au kuoshwa, wanapotea. Na dawa yao, jamani, dawa yao ni chumvi! Chumvi ya kawaida! Nilipiga kelele ya furaha, mgonjwa wa watu akashtuka akamwaga kikombe chake.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya mkuu wangu. Nilimweleza yote, sikuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Unajua majina ya ridandansi yanapelekwa lini?"

"Sijui."

"Wiki ijayo. Na mchoro wako ndio tunaoushikilia. Unataka niwaandikie kwamba tuliwatumia picha ya vumbi la miti?"

"Nataka uandike bwawa lisikaushwe."

"Tungeweza kukaa kimya. Bwawa moja tu."

Hapo nilipandisha hasira. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mkuu wake, mengine nayaonea aibu hadi leo. Lakini mwishoni nilishuka, nikamwambia taratibu: "Mkuu, hilo bwawa moja ndilo linalomlisha mama yule. Andika kosa ni langu. Liandike kwa jina langu peke yangu, mimi nitasaini." Alizungusha kalamu muda mrefu. Alikuwa mtu mwema, nimeshasema. Akaandika barua ya kusimamisha, akagonga muhuri, nami nikaandika maelezo yangu chini na kusaini.

Gari la ofisi halikuwa na mafuta. Jumamosi nilitoka na baiskeli giza halijaisha vizuri, ukungu umenifunga macho, gunia dogo la chumvi ya mawe kwenye keria. Niliinunua sokoni kwa muuzaji anayewauzia wafugaji kwa ajili ya ng'ombe wao. Nilipofika, watu wa kijiji walikuwa wamesimama kwenye tuta na majembe, mwenyekiti anasoma ile amri ya kwanza kwa sauti. Mama alikuwa amekaa pembeni na beseni tupu magotini. Jembe la kwanza lilikuwa limeshagusa udongo.

"Acheni!" nikapiga ukelele, nikaangusha baiskeli, chumvi ikamwagika nusu. "Acheni, kuna barua!"

Mwenyekiti aliisoma mara mbili. Nikaona nimweleze kila mtu pale pale, kwa sauti, kwamba bibi samaki alikosea, kwamba alichokiona ni unga wa misonobari. Walicheka, loo, walicheka! Mzee mmoja alicheka mpaka akashikilia jembe lake asianguke. Nami nikacheka nao, maana ningefanyaje. Mama peke yake hakucheka. Alisimama, akaja, akaanza kuokota mawe ya chumvi kwenye nyasi moja moja na kuyatia kwenye beseni lake.

Kutwa ile tuliwaogesha perege kwa chumvi, wanawake wamejipanga mstari na ndoo, wengine wanatoa tope na kupunguza samaki waliobanana. Tulirudia wiki iliyofuata. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, maji ya asubuhi yalikuwa yametulia, hakuna mdomo juu. Mwezi uliofuata vifaranga vilionekana kwenye kina kifupi, vingi kuliko nilivyowahi kuona.

Jina langu lilikuwepo kwenye orodha. Sikushangaa, ila niliumia, na anayesema hakuumia anadanganya. Niliirudisha hadubini yenye ufa, nikasaini kwamba nimeirudisha, nikakaa nyumbani Sumbawanga nikisikiliza mvua juu ya bati na kujiuliza nitakula nini. Wiki ya tatu mlango ukagongwa asubuhi. Alikuwa mama wa Kaengesa, kanga kichwani imelowa, ndoo mkononi imefunikwa kitenge. Akainama, akapiga makofi, nikamwamkia, nikamkaribisha.

"Nimesikia ofisi imekuacha," akasema.

"Imeniacha, mama."

"Sisi hatujakuacha." Akasukuma ndoo mbele yangu kwa mguu. "Huyu ni wa bwawa la mwenzangu wa ng'ambo ya pili. Ana madoa meupe mkiani. Wanawake wamekubaliana, kila mwenye bwawa atatoa samaki na unga kwa ajili yako, uwe unatuzungukia. Na yule wa zahanati amesema baada ya saa saba hadubini yake iko bure."

Nikafunua kitenge. Perege alikuwa hai, anapiga mkia kwenye maji ya tope, na juu yake kuna jani la mgomba la kumzuia asiruke.

"Sijamwosha," mama akasema, akitazama chini, uso umemwiva kwa aibu ya kumletea mtu kitu kichafu nyumbani kwake. "Sijamgusa hata kidole. Utelezi wake wote huo hapo."

Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikajifuta uso, nikachukua kile kitabu changu kisicho na jalada, nikamuuliza lori lililomleta linarudi saa ngapi.

"Dereva anatungoja stendi," akasema. "Nilishamwambia kurudi tuko wawili."